Nywele Safi za Trizah

Pete ndiyo iliyomfanya Sajini Mellen Wangwe akatae kiti.

Alikuwa amekaribishwa jikoni kwa Cephas, mchimba dhahabu, katika kijiji kilicho nyuma ya machimbo ya Masara. Cephas mwenyewe alikuwa shimoni. Mkewe, Trizah, alinyoosha mkono kumwonyesha mgeni kiti cha plastiki, na kwenye kidole cha mkono ule Mellen akaona pete nyeupe kama bati.

"Hiyo pete ni ya nini?"

"Ya ndoa."

"Nauliza ni madini gani."

Trizah aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa amenyoa kichwa chote siku ya kumzika binti yake, Adoyo, na nywele akazitupa motoni, na sasa uso wake ulionekana kama wa msichana wa shule.

"Ni dhahabu. Cephas aliichimba kwa mkono wake, sonara wa Migori mjini akaitengeneza. Ilikuwa ya manjano, ikabadilika pole pole. Watu wanasema sonara alitudanganya."

Sonara hakuwa amedanganya mtu. Dhahabu hunywa zebaki, ile mekyuri ya wachimbaji, kama mkate unavyokunywa chai, na haichagui kama zebaki ni maji au ni moshi. Mellen aliinua macho. Kwenye pembe kulikuwa na jiko la makaa. Juu ya jiko kulikuwa na rafu ya mbao, na kwenye rafu alama ya duara ambapo chungu cha dawa ya mtoto kilikaa kabla polisi hawajakichukua kuwa ushahidi. Dirisha lilikuwa dogo, limezibwa kwa gunia.

"Unachomea wapi dhahabu, mama Adoyo?"

"Nje."

"Mvua ikinyesha?"

"Nje."

"Mimi sikuja kushika watu wa mekyuri. Ningekuwa nashika watu wa mekyuri, ningefunga Masara nzima na mbuzi wake. Unachomea wapi?"

Trizah alitazama mlango. "Nje kuna wezi," alisema. "Mtu akiona moshi wa dhahabu, usiku hulali. Kila mtu anachomea ndani." Akaonyesha jiko kwa kidevu. "Hapo."

"Na mtoto akiwa wapi?"

"Mgongoni. Angekuwa wapi?"

Kutoka upande wa pili wa ua wa mkonge sauti ikacheka, kicheko kisicho na furaha. "Afande, uliza vizuri! Mimi ndiye mchafu wa hapa, yeye ni msafi!"

Alikuwa jirani, Terry, mwanamke mnene mwenye mtoto kiunoni.

"Mchafu kivipi?" Mellen aliuliza.

"Masika ya mwaka jana walikuja watu wa utafiti, na gari lao nyeupe. Wanawake wote wenye mimba tukatoa nywele. Majibu yakaja kwa simu: Terry, una mekyuri nyingi mwilini. Wakarudi, wakaniletea chungu chenye mfuniko na bomba, wakanifundisha kuchomea kule chini mtoni. Huyu akanicheka mpaka kanisani. Ati nimeoza damu." Akamtikisa mtoto wake aliyekuwa anamvuta sikio. "Sasa acha nisiseme mengi. Mwenzangu amezika."

"Mimi waliniambia niko safi," Trizah alisema kwa sauti ya chini. "Nilipimwa kwa mashine. Safi kabisa."

"Nani alikukata nywele?"

"Mama. Mama mkwe." Alilitamka neno hilo kama anatema. "Nilikuwa na homa, nimelala. Wale watafiti walikuwa kwa gari kwa sababu ya matope. Wakampa bahasha na makasi. Akaniambia baadaye amenikata hapa nyuma ya shingo nikiwa usingizini." Kisha, bila kuulizwa: "Asirudi hapa. Alisimama hapo nje mbele ya watu akasema, mtoto huyu hamtamlea hapa. Halafu akamletea manyasi. Sasa mtoto yuko wapi?"

Manyasi ni dawa ya mizizi inayolowekwa chunguni, ambayo bibi wa Kijaluo humnywesha mjukuu apate nguvu. Phelesia, mamake Cephas, aliileta kutoka kwake ziwani Homa Bay mtoto alipoanza kukohoa. Mtoto akafa, na sasa Phelesia alikuwa seli. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji.

Mellen aligeuka kuondoka, akaona kitu kingine. Trizah alitoa kipande cha odowa, ule udongo mgumu wanaoutafuna wanawake, akakiuma pembeni, na alipogundua anatazamwa akakirudisha haraka chini ya leso. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kiuno.

"Usichome tena humu ndani," Mellen alisema.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi. Daktari alisema niko safi." Kwenye jiko makaa yalikuwa yamepangwa tayari, na kando yake, ndani ya kijiko kikuukuu, donge la kijivu la dhahabu na zebaki lilisubiri jioni. "Cephas hajapata kitu wiki nzima isipokuwa hicho. Ukikichukua tutakula nini, pete?"

*

Konstebo Job, dereva, alikuwa ameegemea gari akila njugu.

"Afande, sura hiyo siipendi. Tunaenda wapi?"

"Homa Bay."

"Si ulisema tunarudi ofisini?"

"Endesha, Job."

Hawakuwa wamefika Rongo simu ilipolia. Inspekta Ogeto, mkubwa wao, hakuwa na desturi ya salamu.

"Wangwe, naambiwa uko barabarani. Kuna nini Homa Bay? Faili imefungwa. Maneno ya kutishia, yapo, watu walisikia. Zebaki kwenye figo za mtoto, ipo. Zebaki kwenye chungu cha manyasi, ipo. Unataka Mungu ashuke atie sahihi?"

"Chungu kilikuwa wazi, mkubwa, kwenye rafu juu ya jiko la kuchomea dhahabu. Kitu chochote kingekaa pale kingekuwa na zebaki. Hata Biblia."

"Hilo tulishalimaliza. Daktari wa utafiti ameandika: mama alipimwa akiwa mjamzito, akawa safi. Nyumba ya mtu safi ni nyumba safi. Kama zebaki haikutoka kwa nyumba, ilitoka kwa mkono. Mkono wa nani ulimlisha mtoto?"

"Nilimpigia daktari aliyempasua mtoto. Tumbo halikuwa na kitu. Mapafu ndiyo yaliyoungua. Na zebaki ya wachimbaji ukiimeza, inapita tu, inatoka upande wa pili kama ilivyoingia. Haiunguzi mapafu. Mtoto hakulishwa, mkubwa. Alivuta."

"Alivuta wapi, katika nyumba safi?"

"Ndiyo swali linalonipeleka Homa Bay."

"Sayansi imesema, Wangwe. Wewe unabishana na sayansi?"

"Nabishana na bahasha," Mellen alisema. Simu ikakatwa.

Barabara ya kuteremka ziwani imepandwa mabango kuliko miti. Mradi wa hiki, utafiti wa kile, kwa ufadhili wa fulani. Watu wa huku wametoa damu kwa malaria, mkojo kwa kichocho, makohozi kwa kifua kikuu, na damu tena kwa ukimwi, miaka nenda miaka rudi, bila kulalamika, kwa kipande cha sabuni na ahsante. Majibu yakapanda ndege. Yakasomwa kwenye mikutano ambayo mwenye damu hawezi kupata viza ya kuihudhuria. Mwenye damu akabaki na sabuni, nayo ikaisha.

"Mimi walinitoa damu shuleni," Job alisema, kana kwamba mabango yamemkumbusha. "Darasa la tatu, pale kwetu Karachuonyo. Walitupanga mstari, wakatuchoma kidole, wakatupa biskuti. Mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini."

"Hukuuliza?"

"Afande, ilikuwa biskuti ya krimu."

Mellen alikuwa Mkuria wa Kehancha, na kwao biskuti hazikufika. Wao walipimwa ng'ombe.

"Job, wewe ni Mjaluo. Mwanamke ana mimba, mgeni anakuja anataka nywele zake. Bibi nyumbani atasema nini?"

Job aliacha kutafuna. "Nywele za kichwani? Apewe mtu asiyejulikana, aziweke kwa bahasha, aende nazo?" Akapiga honi kumtisha ng'ombe aliyekuwa barabarani. "Bibi yangu angemwagia gari maji ya moto. Nywele na kucha, hiyo ndiyo mali ya jajuok. Mchawi akipata nywele za mjamzito, amepata wawili."

"Na kama chifu ameshasema lazima watu washirikiane na wageni?"

Job alimtazama, akaelewa. Alikanyaga mafuta.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa kwenye kilima kinachotazama ziwa, kimezungushiwa maua yaliyonyunyiziwa maji katika mji ambao wanawake wake hununua maji kwa mtungi. Daktari Elkanah, mkuu wa ule utafiti wa wajawazito, alikuwa kijana kuliko sauti yake ya simu. Alikuwa na miwani na tabasamu la mtu aliyezoea kupokea wageni wa wafadhili.

"Sajini, maelezo yangu niliwatumia."

"Niliyasoma. Nataka kuona nywele."

"Nywele?"

"Mashine haikuzila zote."

"Sampuli zilizobaki tunazihifadhi, ndiyo. Lakini kuna usiri wa mshiriki. Ningehitaji kibali cha kamati ya maadili. Kamati hukutana—"

"Daktari. Kesho mama wa watu anasomewa shtaka la mauaji kwa maneno yako mawili. Umeandika 'mama' na umeandika 'safi'. Kamati ya maadili ilikutana kabla hujayaandika hayo?"

Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo zaidi ya lilivyohitajika, kisha likaondoka. Akachukua funguo.

Chumba cha sampuli kilikuwa baridi. Majokofu yalipangwa ukutani, kila moja na jina la utafiti wake: presha ya wavuvi, sukari ya wazee, mapafu ya wapika samaki, malaria ya watoto, malaria ya watoto tena. Job alisimama mbele ya jokofu moja kuukuu, mikono mfukoni.

"Yangu iko humu?" aliuliza.

Elkanah alivaa glavu, akavuta droo iliyokuwa kando ya majokofu, akatoa bahasha ndogo ya kaki yenye jina la Trizah.

"Kabla hujafungua," Mellen alisema, "hizi nywele nani alizikata?"

"Msaidizi wetu wa nyanjani, kwa utaratibu: nyuma ya kichwa, karibu na ngozi—"

"Alikuwa ndani ya gari. Kulikuwa na matope."

Elkanah alivuta pumzi. "Mahali pengine kinamama hawakutaka mwanamume awaguse kichwa. Tukaruhusu wakatane wenyewe. Tuliheshimu mila yao."

"Mliheshimu matope. Mila yao hamkuiuliza. Mngeiuliza, ingewaambia kwamba mwanamke mjamzito hampi mgeni unywele wake hata mmoja. Job, simama hapa, wewe ni shahidi. Daktari, fungua."

Daktari alizimimina nywele juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa. Kifungu kidogo kilichofungwa kwa uzi. Wote watatu waliinama.

Kwa juu zilionekana nyeusi, kama nywele zozote. Kisha Elkanah akazitandaza kwa kibano, na mwanga ukashika moja, ukashika nyingine. Nyeupe. Zikawa nyingi kuliko nyeusi.

"Trizah ana umri gani, daktari?"

Elkanah alivua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa tena. Mvi zilikuwa bado pale.

"Inawezekana... kuna watu hupata mvi mapema."

"Nilimwona Trizah kabla hajanyoa, siku ya kwanza ya kesi hii. Kichwa cheusi ti. Sasa nisaidie wewe mwenye elimu. Mtu anayekaa ziwani, asiyechoma dhahabu, ambaye amefika Masara wiki hiyohiyo kumsaidia mkaza mwanawe. Nywele zake zingesema nini?"

"Zingekuwa safi," Elkanah alisema. "Nywele hukua taratibu. Zinakumbuka zilikotoka."

"Mashine yako haikuona mvi?"

"Mashine husaga. Haitazami."

"Na nyinyi?"

Elkanah alikaa kwenye kiti kirefu cha maabara. Akavuta bahasha nyingine bila kuambiwa. Akaifungua. Akafungua ya tatu: nywele fupi, zimekatikakatika, za aina inayofagiliwa sakafuni kwa kinyozi. Ya nne ilikuwa na mvi.

"Tulichapisha," alisema. "Tuliandika kwamba akina mama wengi wa machimbo wako katika kiwango salama. Nilisimama mbele ya watu nikasema hivyo. Wakapiga makofi."

"Na wale uliowapigia simu ukawaambia ni salama?"

"Waliendelea," alisema kwa sauti ambayo haikuwa tena ya kupokea wageni. "Mtu akiambiwa yuko salama, anaendelea."

Mellen alifunga nywele zile kwenye bahasha yao, bahasha kwenye mfuko wa ushahidi, akatia lakiri, akamwelekezea kalamu. "Sahihi hapa. Job, na wewe. Na daktari, kesho uwe mahakamani kabla hakimu hajaketi. Ukikosa nitakuja kukuchukua na pingu, na hapo utajua maadili."

Job alikuwa wa mwisho kutoka. Alipiga jokofu lile kuukuu kwa vidole mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

*

Jua lilikuwa bado juu walipofika kituo cha polisi. Phelesia alikuwa ameketi sakafuni mwa seli ya wanawake, miguu imenyooshwa, kitambaa cha kichwa kimefungwa nadhifu kama cha kwenda kanisani. Alikuwa ameuza samaki maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Nyara," alimwita Mellen, yaani binti yangu. Hakuwa amewahi kumwita vingine, hata siku aliyofungwa pingu. "Umekula? Sura yako imekauka kama omena."

"Nimekula, mama. Nina swali moja."

"Uliza. Hapa kazi yangu ni kujibu tu."

"Masika ya mwaka jana. Watu wa gari nyeupe walitaka nywele za Trizah. Ulifanyaje?"

Uso wa mzee ukafunguka. Lilikuwa swali la kwanza katika kesi nzima ambalo alifurahi kulijibu.

"Hayo umeyajulia wapi? Sikuambia mtu, hata Cephas! Sikiza. Wale watoto wananipa makasi. Chifu amesema lazima. Mimi naingia ndani, naona msichana amelala, tumbo hii hapa. Nasema, Phelesia, utakata nywele za mtu ana mimba, upatie mtu hujui mama yake? Zipelekwe wapi? Nikatoa kitambaa." Akakifungua sasa, akainamisha kichwa. Mvi zilijaa, safi, kama pamba. "Nikakata zangu. Kama ni juok, kama ni uchawi wanataka kula, wakule mzee. Mimi nimeishi. Mtoto hajazaliwa bado."

Alicheka kidogo, akafunga kitambaa.

Mellen alikuwa na karatasi ya maelezo mapajani. Sheria inasema maelezo yasomwe kwa mwenye kuyatoa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaweka kidole. Haisemi yasomwe kwa sauti gani. Aliandika aliyoyasikia, kisha akaandika yaliyotokana na nywele hizo, pole pole, na Job, aliyesimama mlangoni, akageuka akatazama ukuta.

"Maneno hayo yanakutoa hapa, mama. Polisi walisema nyumba ya Trizah ilikuwa safi, kwa hivyo sumu ilitoka kwa manyasi yako. Nyumba haikuwa safi. Nywele ndizo zilizokuwa safi. Mtoto aliuliwa na moshi wa mekyuri."

"Si nilisema!" Phelesia alipiga goti. "Nilisema mtoto hamtamlea hapa, kwa huu moshi, leteni nimpeleke ziwani! Wakasema nimelaani!" Kisha mkono wake ukabaki hewani. Mtu aliyeuza samaki miaka mingi hujua hesabu bila kalamu. "Nyara. Terry naye alitoa nywele."

"Ndiyo."

"Zake mwenyewe. Terry hana mama mkwe."

"Ndiyo."

"Akaletewa ile chungu ya mfuniko. Mtoto wake anatembea." Aliyasema kama mtu anayehesabu samaki mmoja mmoja ndani ya beseni, akiogopa kufika wa mwisho. "Zangu zikasema Trizah ako sawa. Na zake zingesema nini?"

Nje, kwenye kaunta, mtu alikuwa akibishana juu ya pikipiki iliyoibwa. Mellen alingoja mabishano yaishe. Hayakuisha.

"Zingesema kama za Terry, mama."

Phelesia hakulia. Aliinua mikono yote miwili, viganja juu, akaivusha kuelekea kwa Mellen, vifundo vimekaribiana.

"Basi hamkukosea kunishika."

"Mama—"

"Chana hiyo karatasi."

"Siwezi."

"Chana! Trizah anajua?"

"Bado."

"Sasa ndiyo nakuambia chana. Ukimwambia ni moshi, ataangalia mikono yake. Jiko aliwasha nani? Mtoto alibebwa na nani? Atajua ni yeye. Huyo msichana atakufa, nyara. Saa hii anajua ni mimi, na anaweza kula, analala, ananichukia, anaishi. Wacha ijulikane ni mimi. Mimi nimeishi."

Job alifuta uso kwa kofia yake. Mellen aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya mzee.

"Mama Phelesia. Ulishatoa kichwa chako badala ya cha Trizah mara moja. Unataka kukitoa tena?"

Mzee alizidi kuisogeza mikono mbele.

"Leo asubuhi nilikuwa kwake. Nilimwambia asichome ndani. Akaniambia daktari amesema yeye ni safi. Makaa yako tayari, donge liko kwenye kijiko, anangoja jioni." Akasita. Yaliyofuata hayakuwa ya karatasini. "Na anatafuna odowa, mama. Anaificha nikimtazama. Anashika kiuno."

Phelesia alimkodolea macho. Mikono ikashuka yenyewe, ikapata tumbo lake la kizee, ikalishika.

"Ako na mwezi ngapi?"

"Sijui. Sidhani kama amemwambia mtu."

"Atamwambia nani? Mimi ndiye angeambia." Akaangalia dirisha dogo la seli, akapima jua kwa jicho kama wanavyopima watu wa ziwa. "Lete wino."

Kidole chake kilikuwa kikavu, na alama ya kwanza haikushika. Ikabidi akibonyeze tena, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka pembeni. Job alifungua mlango wa seli wazi wote. Mzee alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akaketi palepale sakafuni akiwa huru.

"Nyinyi muna gari. Mimi nitawachelewesha," alisema. "Kimbieni."

"Tumwambie nini?"

"Mwambie kwanza azime jiko." Alikaza fundo la kitambaa kichwani kwa mikono miwili. "Hayo mengine asisikie kwa polisi. Hayo nitakuja kumwambia mimi."